Manowari Spiegel Grove, Key Largo: meli nyota 5, boti nyota 3

Nianze na maksi kabisa ili asiye na muda aondoke mapema. Meli nyota 5, bila ubishi. Boti iliyonipeleka nyota 3, na hiyo ya tatu nimeitoa kwa ajili ya baharia mmoja tu aliyekuwa anaijua kazi yake, wengine wote pale walikuwa wanaangalia saa. Jina la boti sitaji, msiniulize.

Kwa ambao hamuijui, Spiegel Grove ni manowari ya zamani ya Jeshi la Majini la Marekani, imelazwa chini ya bahari kama maili 6 kutoka Key Largo, Florida, makusudi kabisa, iwe mwamba wa kutengenezwa ambao samaki wanahamia na sisi wapenda kuzamia tunaenda kushangaa. Ilianza kazi 1956 ikastaafishwa 1989. Urefu mita 155, yani kiwanja cha mpira kimoja na karibu nusu ya kingine. Ilikuwa ile aina ya meli yenye gati ndani ya tumbo lake, nyuma kuna lango kubwa, wakifika karibu na ufukwe wanajaza maji makusudi shetri inashuka kidogo alafu vyombo vidogo vilivyobeba askari vinaelea vyenyewe vinatoka. Sa fikiria, chombo kilichozoea kunywa maji kwa amri miaka 30 na ushee, ndo siku ya kuzamishwa rasmi kikagoma kufuata amri.

Manake hiyo stori ni tamu na bila kuijua huwezi kuelewa unachokiona kule chini. 17 Mei 2002 mafundi walikuwa bado wanaiandaa, meli ikaanza kuzama yenyewe masaa kadhaa kabla ya muda, watu wakaruka haraka kujiokoa, ikajigeuza kichwa chini miguu juu na omo ikabaki imechungulia nje ya maji kama nyangumi aliyekwama. Ikabidi waite wataalamu wa kuokoa meli, mwezi wa sita wakafanikiwa kuizamisha yote lakini ikalala ubavu wa kulia. Ikakaa hivyo miaka mitatu, watu wanaizamia hivyo hivyo, sakafu imekuwa ukuta. Alafu Julai 2005 kikapita kimbunga Dennis, na kilipopita, watu walipozamia wakaikuta meli imesimama wima juu ya mkuku wake, vile vile walivyokuwa wanataka toka mwanzo. Dude la maelfu ya tani, limesimamishwa na mawimbi, bure. Mi kila nikifikiria hapo nacheka.

Haya twende kwenye daivu yenyewe.

Nilibuku safari ya matanki mawili, boti ya asubuhi. Kwenye simu dada wa mapokezi aliniuliza tu kama nina cheti, sikuulizwa mara ya mwisho kuzamia lini, sikuulizwa nishawahi kwenda mita 30 au sijawahi, nikaambiwa njoo na miwani yako kama unayo. Mimi nna cheti cha advansi kwa hiyo mita 30 ni halali yangu, ila ndani ya boti nikakuta kijana ana wiki mbili tu toka apate cheti cha mwanzo kabisa, kile cha mita 18, na yeye kauziwa tiketi ile ile, kapangiwa kiongozi wa kumwangalia basi mambo yameisha. Wazee, sehemu ya juu kabisa ya meli hii, kule kwenye muundo wa juu, inaanzia kama mita 18 hivi. Yani pale anapoishia ruhusa yake ndo meli inaanza. Sitaha kuu iko chini zaidi na mchanga uko kama mita 40. Hilo sio la kumuuzia mtu kwa maneno ya "ni rahisi tu, utaipenda".

Maelezo kabla ya kuruka yalichukua dakika nne. Nilihesabu. Kepteni akachora meli kwenye ubao mweupe, akaonyesha boya tulilofunga, akasema mkondo leo upo kidogo. Kidogo! Mi nimesimama nyuma ya boti naangalia maji yanavyopita pembeni ya kamba ya boya, yametengeneza mkia mrefu wa mapovu kama mto. Ule mkondo wa Ghuba unapita jirani na pale, ukiamua kusogea karibu na ukingo wa miamba basi siku hiyo unasoma namba. Nikamwangalia yule baharia niliyemtaja mwanzo, mzee wa makamo hivi, mikono imejaa makovu ya kamba, naye akanisogelea akaniambia kwa sauti ya chini, "Usiiachie kamba hata kama unajikuna pua." Huo ndo ulikuwa ushauri wa maana kuliko ubao wote.

Kamba. Mkibaki na neno moja kutoka kwenye haya maelezo yangu basi libaki hilo. Watu wakisikia kuzamia manowari wanafikiria vyumba na ngazi na mizinga, ukweli ni kwamba robo tatu ya shughuli nzima ni kamba. Unaruka kutoka nyuma ya boti, unadaka kamba ya pembeni, unajivuta mkono kwa mkono mpaka mbele kwenye boya, hapo mapezi yako ya miguuni hayakusaidii kitu, ni mabega. Kisha unashuka na kamba ya boya iliyofungwa kwenye meli yenyewe. Mkondo ukiwa mkali mwili unalala mlalo kama bendera, miwani inatetemeka usoni, na ukigeuza shingo vibaya maji yanaingia. Na kamba yenyewe ina wakazi wake, kuna viumbe wadogo wanaofanana na manyoya membamba wameotea pale, wakikugusa mkono mtupu unawaka moto kama umeshika upupu. Nilivaa glavu. Mwenzangu wa kupewa, maana nilienda peke yangu nikapangiwa mtu, hakuvaa, na nilikuwa naona kila baada ya mita kadhaa anabadilisha mkono anaupepea.

Mita 5, mita 10, bluu tu. Mita 15 bado bluu. Hapo kuna ka-wasiwasi kanaingia, unajiuliza hivi kweli kuna meli huku au tumefunga boya la watu wengine. Alafu bluu inaanza kuwa nzito sehemu moja. Hauioni kama meli, sahau picha za matangazo, unaona giza lenye kona. Kisha kona inakuwa chuma, chuma kinakuwa mguu wa kreni, na kreni yenyewe ni kubwa kuliko boti uliyokuja nayo, ndo akili inashtuka kwamba kumbe hiki ni kipande kidogo tu na meli imeendelea huko na huko mpaka macho yanashindwa. Nilisahau kupumua. Ambacho ni kosa la darasa la kwanza kwenye hii michezo, lakini wallahi nilisahau.

Na ukifika, ukijibanza nyuma ya muundo wa juu, mkondo unakatika. Ghafla. Ni kama umetoka kwenye upepo umeingia ndani ukafunga mlango. Mapovu yako yanapanda wima badala ya kukimbilia pembeni. Hapo ndo unapata nafasi ya kuangalia vizuri kilichoota: chuma cha jeshi cha rangi ya kijivu hakionekani tena, kimevikwa sifongo, matumbawe laini yanayopunga, chaza wamebana kwenye kila ukingo. Kwa macho vinaonekana vya kijani na kahawia tu kwa sababu rangi nyekundu ndo ya kwanza kumezwa na maji, ila nilipowasha tochi kile kipande cha bomba mbele yangu kikageuka machungwa na damu ya mzee, kama mtu kakimwagia rangi sasa hivi. Nikazima, kahawia. Nikawasha, nyekundu. Nilicheza hivyo kama mtoto mpaka nikajistukia.

Kuhusu hewa niseme kidogo maana hapa ndo boti ilipopoteza nyota. Kule mita 30 mgandamizo ni mara nne ya juu, kwa hiyo kila pumzi inakula hewa mara nne. Tanki la dakika 60 huku juu linakuwa la dakika 15 kule, na hiyo ni kama umetulia, ukihangaika na mkondo ndo basi tena. Kwa hiyo kila psi, kile kipimo cha mgandamizo wa hewa kwenye tanki, ina thamani. Sasa tanki langu lilitakiwa liwe na 3000, nilipofunga regulata, kile kifaa cha kupumulia, na kufungua nikakuta 2650. Nikauliza, kijana mmoja wa boti akasema ni joto na baridi tu, linashuka likipoa, ni kawaida. Linashuka ndio, ila si kwa namna ile, na lingine la pembeni yangu lilikuwa 3050, hilo halikusikia baridi? La mwenzangu ndo lilikuwa bovu zaidi, 2600 na kile kimpira cha valvu kinatoa mapovu madogo madogo. Baharia wangu ndo alikibadilisha tukiwa tayari tumesimama ukingoni. Tanki lenyewe halikubadilishwa, eti yaliyobaki ni ya raundi ya pili.

Matokeo yake: dakika ya tisa, tumefika juu ya sitaha, mimi ndo kwanza nimeanza kuingia kwenye ladha, mwenzangu ananionyesha saa yake ya hewa. 1200. Ametumia nguvu nyingi kwenye kamba, mkono unamuwasha, tanki lilikuwa pungufu toka mwanzo. Kosa si lake. Nikampa ishara ya kupanda na nikasikia uchungu kabisa moyoni, mita 155 za meli na mi nimeona labda 20. Kupanda nako, watu saba juu yetu kwenye kamba hiyo hiyo, kila mmoja anatakiwa akae mita 5 kwa dakika tatu nitrojeni ipungue mwilini, kwa hiyo ni foleni, tumeninginia wote kama nguo kwenye kamba siku ya upepo, mapezi ya wa juu yananipiga kichwani. Yule kijana wa wiki mbili alikuwa juu kabisa, macho yamejaa kwenye miwani. Aliachia. Sekunde mbili tu nadhani alitaka kurekebisha jaketi lake, akaondoka, sijawahi kuona mtu anaondoka hivyo, hakuogelea popote, alipungua tu. Kiongozi wake akaachia naye kumfuata, akapuliza boya lake la dharura la machungwa, wakaokotwa mbali huko na boti baada ya wengine wote kupanda. Wakarudi salama, kijana akakaa chini akaangalia miguu yake muda mrefu. Kepteni akasema kwa utani "umepata usafiri wa bure". Hakuna aliyecheka.

Hapo ndo ningewapa nyota moja na kushuka, ila raundi ya pili ilibadilisha mambo kidogo.

Walihamia boya lingine, upande wa pili wa meli. Mkondo ulikuwa umepungua, sijui ni sehemu au ni saa. Raundi hii nilidai tanki la nitroksi, ile hewa iliyoongezwa oksijeni mpaka asilimia 32, cheti chake ninacho, na nikapima mwenyewe kabla sijakubali. Kwa jedwali za PADI, wale wanaotoa vyeti vya kuzamia, hewa ya kawaida mita 30 inakupa dakika 20 bila deni la kusimama njiani kwa lazima wakati wa kupanda, hiyo 32 inakupa 30. Tofauti ya dakika kumi pale chini ni kitu kikubwa. Ubaya wake ni kwamba haikuruhusu kwenda kina sana, mita 33 au 34 hapo ndo mwisho, oksijeni ikizidi mgandamizo ni sumu, kwa hiyo mchangani kule kwenye mita 40 sahau. Mimi mchanga sikuwa na shida nao. Mwenzangu tukakubaliana aje na glavu za kuazima, twende taratibu, tusizunguke meli nzima, tuchague kipande kimoja tukikae. Huu ndo uamuzi bora tuliofanya siku nzima. Meli hii inahitaji daivu nne tano kuimaliza kwa nje tu, anayekwambia ameiona yote kwa asubuhi moja amekimbia mbio tu.

Tulikaa kwenye bendera. Kuna bendera ya Marekani imefungwa pale chini, inapepea kwa mkondo, pole pole kama mtu anakutana na mawazo. Mwenzangu kumbe aliwahi kuwa jeshini, akanyoosha mkono akapiga saluti huku mapovu yanamtoka, mi nikageuka nikaangalia pembeni nimpe nafasi yake.

Na pembeni ndo nikakutana na mwenye nyumba. Chewa. Sio hawa wa kubeba mkononi, ni wale wanaoitwa chewa goliathi, hawa Florida walipiga marufuku kuwavua mwaka 1990 baada ya kuwamaliza, na wamerudi. Alikuwa ametulia chini ya kivuli cha chuma, nilidhani ni sehemu ya meli, mpaka ile sehemu ya meli ikafumba mdomo. Mkubwa kuliko mimi na tanki langu. Nilisogea labda nusu mita zaidi ya ilivyotakiwa, akapiga ile sauti yao, sio ya kusikia masikioni, inakupiga kifuani, DUM, kama mtu kagonga mlango wa stoo kwa kiganja. Nikarudi nyuma kwa adabu zote. Juu yetu mzia walikuwa wamening'inia kama visu kwenye duka, hawana habari na mtu. Nikaona na samaki simba wawili wamejikunja kwenye kona, hawa asili yao ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, huku ni wavamizi, wanakula vifaranga vya samaki wengine na hakuna wa kuwala vya kutosha. Wazuri balaa lakini.

Ndani sikuingia. Nisemeje hili bila kuonekana muoga... kabla ya kuzamishwa walitoboa matundu makubwa, wakatoa nyaya na mafuta na taka za sumu, kuna njia pana ambazo mwanga unaingia unaona upande wa pili, hizo ukiwa na mafunzo na kiongozi sawa. Ila meli ni jumba la korido nyingi, kuna matope laini yamelala sakafuni, pezi likipiga vibaya mara moja unapoteza hata mkono wako mwenyewe kwa macho. Machi 2007 wazamiaji watatu walifia humo ndani. Na kuna kivutio kinachowavuta watu, picha ya Snoopy, yule mbwa wa katuni, sakafuni huko ndani, kila boti inaitaja kama vile ni duka la kona. Mkitaka kuiona nendeni na rili ya kamba, tanki la akiba na mtu aliyefundishwa kuingia mabaki ya meli, na mkizingatia theluthi: moja ya kuingia, moja ya kutoka, moja usiiguse. Mlangoni nilipiga tochi nikaona korido inaenda inaenda inakuwa nyeusi, na nilisikia mguu unataka kwenda. Kule mita 28 nitrojeni inakupa ujasiri usio wako. Nilisoma saa yangu ya hewa mara mbili bila kuielewa, nikajikuta natabasamu na regulata mdomoni, nikajua hapa nimeshalewa, nikapanda mita sita na akili ikarudi yote.

Dakika 27 jumla raundi hiyo, na kamba ya kurudi ilikuwa tupu kwa sababu tuliondoka mapema kuliko wengine. Mita 5, dakika tatu, mwenzangu ananionyesha dole gumba sio kwa maana ya kupanda, ananikumbusha lile la saluti nadhani, nikampa ishara ya sawa.

Kuna watu watauliza kama hii au zile meli zingine zilizozamishwa Florida. Oriskany ya Pensacola, iliyozamishwa 2006, ni ya kubeba ndege, jina kubwa lakini sitaha yake ya kurukia ndege iko chini sana kwa mtu wa kawaida, unaishia kuangalia mnara. Vandenberg ya Key West, 2009, sijaigusa bado. Kwa mtu mwenye advansi na daivu kama 30 mkononi mi naona Spiegel Grove ndo saizi yake. Kama una cheti cha juzi nenda kwenye miamba ya kina kifupi ya jirani kwanza, maji hayo hayo, samaki hao hao, mita 8, hakuna anayepungua.

Kwenye boti nirudi kidogo nisiwaonee: maji ya kunywa yalikuwepo, oksijeni ya dharura niliiona, na yule baharia alihesabu watu kwa majina mara mbili kila raundi, anakuangalia usoni mpaka uitike. Tipu yangu nilimpa yeye mkononi, sikuweka kwenye ndoo ya wote.

Nshabuku tena, boti nyingine, boya lile lile la raundi ya pili kama watakubali, na mwenzangu kasema anakuja na glavu zake.